Majengo ya kadi yasihukumiwe kwa kingo zake nyeupe

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa mapumziko iliyowashauri wanaoanza kujenga reli ndogo za mfano waachane na majengo ya kadi, yaani ya karatasi ngumu iliyochapwa, na watafute ya plastiki, kwa hoja kwamba kadi ni bapa, kwamba haidumu, na kwamba kila aliyenunua seti fulani huishia na stesheni ileile aliyonayo mwenzake. Hoja ya tatu ina ukweli, ya pili ina nusu ya ukweli, na ya kwanza, ambayo ndiyo mwandishi aliyoiegemea zaidi, haisimami ukiipima kwa rula. Naomba nafasi niijibu, kwa kuwa ni hoja inayorudiwa mno na watu ambao hawajakaa chini kupiga hesabu yake.

Skeli ya OO, inayotumika sana Uingereza na ambayo seti nyingi za kadi zimetengenezwa kwa ajili yake, ni takriban 1:76, yaani milimita 4 za modeli kwa kila futi moja ya kitu halisi. Tofali la kawaida la Uingereza lina urefu wa milimita 215 na kimo cha milimita 65. Ukiongeza saruji ya milimita 10 iliyo kati ya safu moja na nyingine, kila safu inachukua milimita 75. Gawanya kwa 76, utaona kwamba safu nzima ya matofali kwenye modeli ni takriban milimita 1, na mstari wa saruji una upana wa milimita 0.13 tu. Hata saruji hiyo ikiwa imezama milimita 5 ndani ya uso wa ukuta halisi, kwenye modeli kina chake hakifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Kina kama hicho jicho halikioni; linachokiona ni tofauti ya rangi kati ya tofali na saruji, na hiyo ndiyo kazi ambayo uchapaji mzuri unaifanya kuliko kitu kingine chochote. Ukuta wa plastiki wenye mifereji ya robo milimita, ambao makala iliusifu kuwa na uhai, unawakilisha ukuta ambao saruji yake imezama karibu sentimita 2. Ukuta wa namna hiyo, kama ungekuwapo, mwenye nyumba angemwita fundi siku hiyohiyo. Na kwa skeli ya N, ambayo Uingereza ni 1:148 na kwingineko 1:160, hesabu inazidi kuwa upande wa karatasi iliyochapwa.

Hata hivyo jengo la kadi lililounganishwa kama maelekezo yalivyo huonekana bapa kweli, na sababu yake haiko kwenye matofali. Iko kwenye sehemu ambazo kina chake kinaonekana hata kwenye skeli ndogo: madirisha, milango, ukingo wa paa na pembe za kuta. Ukuta wa unene wa tofali moja zima ni milimita 215, sawa na milimita 2.8 kwenye modeli, na dirisha likiwa limerudishwa ndani sentimita 10, kwenye modeli litakuwa limerudi milimita 1.3. Seti nyingi hubandika karatasi angavu yenye fremu zilizochapwa moja kwa moja nyuma ya kadi yenye unene wa milimita 1 hivi, na fremu ya mlango huachwa kwenye uso uleule wa ukuta. Tiba yake ni rahisi na haihitaji kipaji. Kabla ya kubandika madirisha, ongeza nyuma ya ukuta tabaka la pili la kadi lenye matundu yaliyokatwa kwa upana uleule au zaidi kidogo, ndipo karatasi angavu ibandikwe nyuma ya tabaka hilo. Kata mlango uliochapwa, uurudishe nyuma, na utumie vipande vya mabaki kutengeneza kizingiti na ukingo wa dirisha unaochomoza nje kwa nusu milimita. Kivuli chembamba kinachotokea chini ya ukingo huo kinaleta uhai ambao wino hauwezi kuuleta.

Zipo kingo, na hapa namuunga mkono mwandishi bila kusita. Kadi iliyochapwa ina wino usoni tu, na kila inapokatwa moyo wake mweupe au wa kijivu hujitokeza. Ukingo mmoja mweupe kwenye pembe ya jengo unatangaza kuwa hii ni karatasi hata kama mengine yote yamefanywa vyema. Lakini hili ni suala la dakika chache kwa kila kipande: rangi ya maji au penseli ya rangi, iliyochanganywa hadi ikaribiane na matofali na kisha ikatiwa giza kidogo, ipakwe kwenye kila ukingo kabla ya kuunganisha, kwa sababu baada ya kuunganisha kuna pembe ambazo brashi haifiki. Kalamu za wino zenye harufu kali siziamini kwa kazi hii, kwa kuwa wino wake hupenya kwenye nyuzi na kutokea usoni kama doa. Palipo na mkunjo, chora kwanza mstari wa kukunjia kwa ncha butu ukifuata rula ya chuma, badala ya kukata nusu ya unene kwa kisu. Wino hautapasuka sana, na hapo utakapopasuka utaugusa kwa rangi ileile.

Pembe zina tatizo jingine ambalo wengi hawalioni hadi waambiwe. Kuta mbili zinapokutana, safu za matofali za upande mmoja hazilingani na za upande wa pili, na mshono husimama wima kutoka chini hadi juu bila tofali hata moja kuuvuka. Mjenzi mwenye subira hukata vipande vidogo vya karatasi ya matofali au ya mawe, akavikunja katikati, akavibandika kwa kupishana kirefu na kifupi juu ya pembe nzima, mfano wa mawe ya pembeni yanayoonekana kwenye majengo mengi ya zamani ya reli. Mshono hupotea, na jengo hupata pambo ambalo la mwenzake halina.

Paa ndilo linalostahili muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa reli ndogo hutazamwa kutoka juu na macho hutua pale kwanza. Vigae vilivyochapwa kwenye kadi bapa ndivyo sehemu dhaifu ya karibu kila seti, na hapa hesabu ya matofali haisaidii, maana vigae hupandana na kila safu huacha ngazi inayoshika mwanga. Chukua karatasi ya vigae ya ziada, uikate kuwa vipande virefu vya safu mojamoja, ukate nafasi ndogo kati ya kigae na kigae, kisha ubandike kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika sehemu ya iliyo chini yake. Ni kazi ya kuchosha, sifichi. Lakini paa la namna hiyo, likiongezwa mfereji wa maji ya mvua uliotengenezwa kwa karatasi iliyokunjwa na bomba la kuteremshia maji la waya mwembamba, hubadilisha jengo kuliko badiliko jingine lolote. Dohani nayo isiachwe kama sanduku tupu: ongeza safu mbili za kadi nyembamba zinazochomoza karibu na juu, na vyungu vya moshi vya karatasi iliyoviringishwa.

Kuhusu kufanana, mwandishi amelaumu seti kwa jambo ambalo ni hiari ya mjenzi. Seti za kampuni za Metcalfe na Superquick huja zikiwa zimekatwa tayari, na ni kweli kwamba anayeziunganisha bila kugusa kitu atakuwa na jengo linalotambulika papo hapo. Hakuna anayemlazimisha. Ghala la mizigo likikatwa katikati na kuingiziwa hapo nusu ya ghala la pili linakuwa refu mara moja na nusu; nyumba moja iliyogawanywa kati ya uso wake na mgongo wake hutoa majengo mawili ya kina kifupi ya kusimama mbele ya mandhari ya nyuma, mahali ambapo nafasi ni finyu; kibanda cha ishara kinaweza kuinuliwa juu ya msingi mrefu wa mawe ili mhudumu aone reli iliyo ng'ambo ya daraja. Kabla ya kukata chochote, nakili vipande vyote kwenye karatasi ya kawaida na ujenge jengo la majaribio kwa gundi kidogo, uliweke kwenye meza ya reli, upitishe behewa lako refu kuliko yote. Kwenye kona behewa refu hutokeza katikati kwa upande wa ndani na kwenye ncha kwa upande wa nje, na jukwaa la stesheni lisilopimwa kwa njia hiyo litaligusa.

Seti za kuchapa mwenyewe, kama za Scalescenes, zimepanua uhuru huo, kwa sababu karatasi iliyoharibika huchapwa tena na ukuta mmoja huweza kurudiwa mara nyingi upendavyo kwa reli yako mwenyewe. Zinaweza pia kubadilishwa skeli: kutoka 1:76 kwenda skeli ya HO ya 1:87 chapa kwa takriban asilimia 87.5, na kwenda 1:148 chapa kwa takriban asilimia 51.5. Kinachosahaulika ni kwamba kompyuta hupunguza mchoro na haipunguzi unene wa kadi. Palipotakiwa kadi ya milimita 2, kwa skeli ya N tumia ya milimita 1, ama sivyo kila nafasi ya kuchomekea itakataa na paa halitafunika kuta.

Sasa kudumu. Kadi ni nyuzi, na nyuzi hunywa maji. Unapobandika karatasi upande mmoja tu kwa gundi nyeupe ya mbao, upande huo hulowa, hutanuka, kisha hukauka na kujikunja, na ukuta huinama. Bandika karatasi pande zote mbili, hata kama ya ndani haitaonekana, tandaza gundi kiasi kidogo, na uache vipande vikauke chini ya uzito juu ya kioo au ubao ulionyooka. Jengo lolote linalozidi urefu wa kiganja lipewe sakafu na kuta za kati, kwa kuwa sanduku lisilo na vigawanyo haliwezi kukaa mraba kwa muda mrefu. Atakayetia taa ndani apake kuta za ndani rangi nyeusi kwanza, la sivyo mwanga utapenya kwenye matofali na kila mshono utawaka.

Yakifanywa haya, umri si tatizo. Makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham huko Oxfordshire, yalianzishwa mwaka 1954 na Roye England, mzaliwa wa Australia, na yanaonyesha vijiji vya bonde la Vale of White Horse kama vilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930, kwa skeli ileile ya milimita 4 kwa futi. Nyumba zake nyingi zina kuta za kadi iliyochongwa mistari kwa mkono na kupakwa rangi za maji. Baadhi zimesimama kwa zaidi ya nusu karne, na sijapata kusikia mtu akisema mahali hapo kwamba kadi ni ya watoto.

Sisemi kwamba plastiki haina mahali pake. Fremu nyembamba za madirisha, nguzo, uzio, ngazi za chuma na kila kitu cha mviringo hutoka vizuri zaidi kwa plastiki au waya, na nimekuwa nikichanganya siku zote bila kuona haya. Mjenzi anayejifunga kwa malighafi moja kwa sababu ya msimamo anajinyima bure.

Kuna ushauri mmoja wa makala hiyo ambao naomba usomwe upya kabla mtu hajaufuata, nao ni ule wa kumalizia kwa kupuliza vanishi hadi jengo liloe. Wino wa printa nyingi za matone (inkjet) huyeyuka kwa maji na hufifia kwa jua, kwa hiyo vanishi inahitajika, ila iwe isiyong'aa, ipulizwe kutoka mbali kama ukungu, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likauke kwanza, na ijaribiwe kwenye kipande cha mabaki kilichochapwa kwa printa ileile. Vumbi la chaki la kuonyesha moshi na uchakavu lipakwe baada ya tabaka la kwanza, si kabla, kwani kwenye karatasi tupu halifutiki tena. Na jengo likishakamilika lisiwekwe karibu na dirisha lenye jua, liwe la kadi au la plastiki.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mjenzi wa reli ndogo