Pesa za Gor Mahia, na maswali kwako wa Simba, Msimbazi

Kaka Rashidi,

Salaam nyingi. Huku wazima, hofu kwenu tu. Najua umeninunia kwa kimya changu, na una haki. Ya Otieno na ile pikipiki atakusimulia mwenyewe.

Nina shida. Jumamosi tawi letu la mashabiki wa Gor hapa Kenya linakutana kuzungumzia pesa za klabu, na mzigo wa kusema wamenitwika mimi. Wazee nawajua: watataka watu warudi uwanjani, basi. Wao akili zao ziko 1987, tulipotwaa Kombe la Washindi Afrika na klabu ikiishi kwa viingilio na michango. Lakini 2007 SuperSport wakaleta pesa za runinga kwenye ligi yetu, tukaona tumefika. 2017 wakaondoka. Hatukushtuka sana, maana kifuani tulikuwa na SportPesa, kampuni ya kamari. Unakumbuka Julai ile uwanja wa Taifa huko Dar, Rooney katufunga, Everton wakashinda 2-1, nasi tukatoka tukiimba kama tumebeba kombe? Nani aliuliza mlipaji wa sherehe ni nani?

2019 leseni ya SportPesa ikakwama serikalini, wakafuta udhamini wote. Sisi na watani wetu Ingwe, yaani AFC Leopards, tukaachwa mkono mtupu kwa pamoja, mishahara ikawa hadithi. Ndilo linaloniuma. Shabiki hata akinyeshewa na kufungwa mabao matatu, wiki ijayo atarudi na hela yake ya tiketi. Mdhamini anaondoka na barua moja. Ila viingilio peke yake siku hizi havilipi kikosi, hata kocha tu... basi nawaambia nini wazee?

Nyinyi wa Tanzania mnatutambia pesa za runinga za Azam kwa ligi yenu, shilingi zenu bilioni 225 kwa miaka kumi tangu 2021. Hongereni. Lakini huo nao ni mfuko wa mtu mmoja, na vifuani mmevaa kamari kama sisi, usinitolee macho.

Sasa nisaidie. Kadi za uanachama Simba watu wanalipia kila mwaka, au mpaka uchaguzi unukie? Mzabuni wa jezi anawapa fungu mwanzoni, au klabu inapata kwa kila jezi inayouzwa? Na zile feki za Kariakoo mnazidhibiti vipi? Mkiuza mchezaji, hesabu inasomwa kwenye mkutano mkuu au mnaisoma magazetini? Na nje ya mpira, mguu wa Mama Zuhura unaendeleaje?

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa sauti ya WhatsApp. Matusi ya Simba weka mwishoni.

Wako,
Odhiambo