Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu. Mwaka huu tulizika wenzetu wawili, tukachangia harusi tatu, tukanunua turubai na viti 50. Hayo mnayajua, mlikuwepo.

Niseme juu ya hospitali, maana hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, maneno yamekuwa mengi. Ni kweli, mwezi Agosti kamati ilivunja makubaliano na ile hospitali binafsi iliyokuwa ikitutibu kwa barua ya chama, tukahamia Sekou Toure, hospitali ya serikali ya mkoa. Wapo wanaodai nimegombana na mwenye hospitali. Wengine wanalalamika nimewarudisha kwenye foleni. Foleni ipo, sikatai. Lakini someni ankara.

Mwenzetu muuza dagaa alikwenda kwenye ile hospitali binafsi na homa. Kile kipimo cha kutoboa kidole hutoa majibu ndani ya dakika 20, na kilionyesha malaria. Alikuwa anakula, anatembea, anaongea. Dozi ya mseto, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, unameza nyumbani. Yeye akapigwa utrasaundi ya tumbo, akapimwa taifodi, akatundikiwa dripu tatu, akalazwa siku mbili. Shilingi 286,000! Nilifuatilia mara nne kwa nauli yangu. Mara zote aliyenijibu ni mhasibu, daktari sikumwona. Ukilipwa kwa kila kipimo na kila kitanda, mgonjwa wa vidonge hakufai.

Halafu kuna mtoto wa mwanachama aliyebanwa na pumu usiku. Pale pale, mama yake aliwekwa kwenye benchi mpaka 100,000 ya kutanguliza ipatikane. Niliituma mimi, saa nane usiku, kutoka mfukoni mwangu. Katika simu nilikuwa namsikia mtoto anavyokoroma.

Sisemi binafsi zote ni mbaya. Wazee mnakumbuka hospitali za biashara zilivyopigwa marufuku mwaka 1977 hadi ziliporuhusiwa tena 1991, na tangu hapo zimeokoa wengi. Lakini Machi mwaka huu mliona wenyewe: mvutano wa bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na malipo yake, cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na wenye kadi wakageuzwa mlangoni katika hospitali nyingi binafsi. Waliogombania bei hawakuwa wagonjwa. Kamati yote watu watano tulikubaliana, muhtasari una sahihi zetu, na sikupewa hata senti na yeyote.

Wanaonilaumu wangekuja mkutanoni. Novemba tulifika 19 kati ya 64! Ada ni 5,000 tu kwa mwezi, lakini watu 23 wanadaiwa zaidi ya miezi sita, jumla 1,140,000. Tuliingiza 2,700,000, tukatumia 2,415,000, na matibabu peke yake yalikula 1,560,000. Asiyelipa ada asiniulize kwa nini nabana bili.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia namna ya kuingia kwenye Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023.

Daftari liko kwa mweka hazina. Ankara zote za ile hospitali nimezibandika ndani, hata ile ya dripu tatu.

Mwenyekiti