Uvimbe uliokutwa kichwani kwa bahati usikimbiliwe kisu

Mhariri,

Mtu anaanguka na bodaboda, anapigwa picha ya kichwa kutafutwa damu. Damu hakuna, ila chini ya karatasi ya majibu pameandikwa: uvimbe wa milimita 7 kwenye tezi ya pituitari. Nyumba nzima hailali, na kabla ya Ijumaa jamaa wameshaanza kuchangishana nauli ya India.

Nauli hiyo ingengoja. Tezi yenyewe ni kiasi cha punje ya mbaazi, imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma ya pua, nayo ndiyo inayoziamrisha tezi ya shingo, tezi za juu ya figo na viungo vya uzazi. Watu wazima wasioumwa chochote wakipigwa MRI (picha ya sumaku), takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na kitu hapo, na ni nadra mno kuwa saratani.

Uvimbe usiozidisha homoni na usiofika milimita 10 mara nyingi hukaa vilevile miaka na miaka. Takriban mmoja kati ya kumi ndio unaokua, na mwengine hunywea wenyewe. Wa milimita 10 na kuendelea si wa kuupuuza: kiasi cha mmoja kati ya wanne au watano hukua. Ndiyo maana mdogo hurudiwa MRI baada ya mwaka, mkubwa baada ya miezi 6, kisha nafasi huongezwa kidogo kidogo ukiwa umetulia. Mkubwa unaogusa mishipa ya macho hutaka pia kipimo cha upeo wa kuona, kwa sababu macho huanza kupotea pembeni na mtu hajui mpaka anapojigonga kwenye fremu ya mlango.

Kwenye vipimo vya damu ndipo panapokosewa zaidi. Kupima TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi ya shingo, peke yake hakutoshi: tezi ya pituitari ikidhoofika, TSH inaweza kutoka ya kawaida huku homoni ya shingo iko chini, basi iombwe na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi ya shingo. Damu ya kupima kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, itolewe saa 2 asubuhi, si mchana. Prolaktini, homoni ya pituitari ya kutoa maziwa, ikipanda kidogo, kwanza aulizwe mgonjwa dawa anazotumia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya maradhi ya akili huipandisha. Uvimbe mkubwa nao huipandisha kwa kubana tu kikonyo cha tezi. Na uvimbe ukiwa mkubwa sana huku prolaktini haikupanda kwa kiasi hicho, maabara iizimue damu mara 100 na kupima upya, kwani homoni ikizidi mno kipimo hudanganya kwa kuionyesha ndogo. Jambo hili si dogo: uvimbe unaotoa prolaktini kwa kawaida hunywea kwa vidonge vya kabagolini, na mtu akaepuka kupasuliwa bure.

Picha ya mwanzo itunzwe kama hati ya shamba. Wagonjwa wengi, hasa wanaovuka kutoka Pemba, hufika na karatasi ya majibu bila ya CD yenye picha zenyewe. Uvimbe unaokua milimita moja kwa mwaka, ukilinganishwa na picha ya mwaka jana tu, utaambiwa haujabadilika, kwa sababu milimita moja imo ndani ya makosa ya upimaji. Ulinganishwe na ile ya kwanza kabisa. Na CT, ambayo ni picha ya eksirei, isilinganishwe na MRI.

Asiyepaswa kungoja ni yule anayeshikwa ghafla na kichwa kikali, kutapika, kuona vitu viwili viwili au giza: uvimbe huenda umevuja damu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe habari ya tezi ili asicheleweshe haidrokotisoni ya mshipa, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli. Anayekunywa dawa hiyo kila siku kwa upungufu wa kotisoli asifunge Ramadhani kabla ya kupanga na daktari wake.

Msomaji wa fani ya tiba,
Unguja