Kijani juu ya jiwe bado si mgodi wa shaba

Mhariri,

Jiwe lenye madoa ya kijani likiokotwa karibu na marumaru (mawe ya chokaa yaliyobadilishwa na joto), picha husambaa kwenye simu na mashimo huanza wiki hiyohiyo. Kijani hicho ni malakaiti, yaani kutu ya shaba, na takribani asilimia 57 ya uzito wake ni shaba tupu. Ukikwangua utando huo ukaupeleka maabara, majibu yatakusifia mwamba usiokuwepo.

Wengi hulinganisha shaba hii na ile ya Katanga, Kongo. Shaba ya kule imelala ndani ya matabaka ya mashapo, nawe hufuata tabaka. Shaba ya skarni (neno la wachimbaji wa Sweden) huzaliwa magma inapopenya mawe ya chokaa. Maji ya moto yenye silika na chuma huila chokaa na kuacha madini ya garneti na pairoksini; mwamba huo mpya ndio skarni. Shaba huja nyuma yake, joto likishapungua na chokaa ikishaua tindikali ya maji hayo.

Basi tembea kutoka kwenye graniti (magma iliyoganda) kuelekea marumaru ukitazama garneti. Huanza na wekundu wa kahawia uliokoza, kisha hugeuka kijani au njano, na mpakani kabisa hutokea wolastonaiti nyeupe yenye nyuzi. Kalkopairaiti, madini ya shaba yenye rangi ya manjano, hupenda upande wa garneti. Bornaiti, madini mengine ya shaba yanayometameta kama shingo ya njiwa, hukaa jirani na marumaru. Garneti peke yake haithibitishi kitu. Hapa Tanzania imejaa kwenye mawe ya gneisi yasiyokaribiana na chokaa.

Sampuli ichongwe kwa mfereji unaokata mwamba, usiofuata mkanda wa kijani: kila mita mfuko wa kilo 2 au 3, hata penye jiwe lisilopendeza. Mbale (mwamba wenye madini) ya asilimia 1 ya shaba ina kalkopairaiti kama asilimia 3 tu, kwa hiyo jicho hudanganya pande zote mbili. Skarni nayo haina adabu: hunenepa, hukonda, hukatika ghafla. Shimo moja zuri la kuchoronga haliruhusu kukadiria tani.

Hasara kubwa zaidi hutokea kwenye uchenjuaji, yaani kutoa shaba kwenye mwamba. Malakaiti huyeyuka vizuri katika tindikali ya salfa, lakini marumaru iliyochanganyika nayo huimaliza tindikali kabla shaba haijatoka. Kabla ya kumwagia lundo tindikali, maabara ipime kilo ngapi za tindikali zitaliwa na kila tani. Povu la tone moja la tindikali halitoshi, kwani malakaiti yenyewe hutoa povu.

Kwa wanaotaka mfano wa skarni, upo Ertsberg, milima ya Papua, Indonesia. Mjiolojia Mholanzi Jean Jacques Dozy aliliona jabali hilo jeusi lenye sumaku mwaka 1936, ripoti ikatoka 1939, Vita Kuu ya Pili vikaifunika. Forbes Wilson wa kampuni ya Freeport alifika 1960. Vipimo vilionyesha tani kama milioni 33 zenye shaba asilimia 2.5, na uchimbaji ukaanza miaka ya 1970. Kilomita chache tu kutoka hapo kuna Grasberg, mlima wa nyasi ambao Dozy alikuwa ameupa jina safari ileile. Uchorongaji uliofichua hazina yake, kubwa kuliko ya Ertsberg mara nyingi, ulifanyika 1988.

Mjiolojia wa utafutaji madini,
Dodoma