Barua ya wazi kwa binamu yangu aliyepewa kona

Binamu yangu mpendwa,

Habari za wewe kupewa kona kuu, yaani kuwa mkuu wa wanaomhudumia bondia, kwenye pambano la ngumi la raundi 10 zimenifikia, na zimenifurahisha. Ulipokuwa msaidizi wa kushika ndoo hukuwa na neno la mwisho. Sasa unalo. Nakuandikia mbele ya watu wote ili na wengine wanaosimama kwenye kona wasome, maana wengi wao wamefundishwa kufunga bendeji na kuzuia damu ya jicho, lakini hakuna aliyewafundisha pambano liishe lini. Mchaniko wa jicho huutisha ukumbi mzima, na mara nyingi hupona kwa nyuzi chache. Jeraha linaloua halionekani.

Elewa kwanza linavyotokea. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Ndoano, yaani konde linalotoka pembeni, ikitua kidevuni huzungusha kichwa ghafla. Fuvu linageuka, ubongo unachelewa kulifuata. Nyuzi za neva zinavutika, na pamoja nazo zinavutika vena ndogo zinazovuka kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando mgumu uliotanda ndani ya fuvu. Vena moja ikichanika, damu huanza kukusanyika chini ya utando huo, na mara nyingine hujaa taratibu. Ndiyo maana bondia anaweza kumaliza raundi, kumkumbatia mpinzani, kutembea kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, kisha aanze kutapika na kuanguka. Fuvu halitanuki. Damu ikiendelea kuongezeka, ubongo husukumwa chini, na sehemu inayoendesha pumzi hubanwa.

Usitegemee vifaa kuzuia hilo. Kofia ya sparing, yaani mazoezi ya kupigana, hupunguza michaniko na uvimbe; kule kuzunguka kwa kichwa haikuzuii. Glavu nazo, aunsi 8 kwa uzito wa hadi kilo 66.7 na aunsi 10 kwa walio juu ya hapo, zinalinda zaidi mifupa ya mkono wa anayepiga.

Kazi yako inaanza wiki kadhaa kabla ya kengele. Kijana wako anakata kilo ngapi ili afike uzito wa pambano, na anazikata vipi? Anayepoteza kilo nyingi siku mbili za mwisho kwa kujifungia kwenye joto na kuacha kunywa maji hupanda ulingoni akiwa hajarudisha maji yote, hata kama mizani ilisomwa saa 24 au 30 kabla. Mwili uliokauka huchoka mapema, na bondia aliyechoka hushusha mikono, shingo yake inalegea, kila konde linamzungusha zaidi. Madaktari wengi wanaamini pia kwamba ukavu wenyewe unauweka ubongo katika hatari kubwa zaidi. Ikiwa hawezi kufika uzito huo bila kujikausha, huo si uzito wake, na pambano likataliwe.

Picha ya MRI ya ubongo pia ifanyike kabla ya kusaini, hata kama mamlaka ya eneo hilo haiitaki. Itaonyesha kama kuna damu ya zamani au kasoro nyingine, na itabaki kuwa ya kulinganishia miaka ijayo. Jambo moja tu usilisahau: MRI safi haimaanishi kwamba hakuna madhara. Nyuzi zilizovutika mara nyingi hazionekani pichani.

Sasa gari la wagonjwa. Hapa naomba uwe msumbufu, hata promota akuchukie. Tarehe 21 Septemba 1991, jijini London, bondia Michael Watson alisimamishwa raundi ya 12 dhidi ya Chris Eubank, akaanguka. Hapakuwa na mtu ulingoni mwenye vifaa na ujuzi wa kumhudumia pumzi papo hapo, na ilichukua karibu nusu saa kumfikisha hospitali. Hospitali hiyo ya kwanza haikuwa na idara ya upasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe tena. Alinusurika, lakini akiwa na ulemavu mkubwa. Aliishtaki bodi ya ngumi ya Uingereza, akashinda mwaka 1999, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2000: anayesimamia mchezo kwa kanuni zake anawajibika pia kwa ubora wa huduma ya dharura anayoiagiza.

Kwa hiyo uliza hivi, na udai majibu yaliyoandikwa. Daktari wa ulingoni anaweza kuingiza mpira wa kupumulia? Oksijeni iko wapi? Gari la wagonjwa limeegeshwa mlango gani, na njia ya machela kutoka ulingoni imepimwa au imejaa viti? Gari la kwanza likiondoka, pambano linalofuata linasubiri la pili? Hospitali iliyopangwa ina kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya fuvu, na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo usiku huo, na imearifiwa? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981, wa wagonjwa 82 waliofika wakiwa wamepoteza fahamu kwa damu iliyokusanyika chini ya ule utando wa fuvu, ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa nne walikufa asilimia 30, na waliocheleweshwa zaidi ya hapo asilimia 90. Hospitali iliyo karibu isiyoweza kufungua fuvu inakula saa hizo bure.

Pambano likianza, una sekunde 60 kila mapumziko. Usizimalize zote kwa maelekezo. Mtazame anavyorudi: ananyoosha miguu au anaikokota, amekuja kwenye kona yake au amesita akiitafuta? Akikaa, muulize raundi ya ngapi na umemwagiza nini mara ya mwisho. Angalia kama mboni zote mbili zina ukubwa sawa. Akilalamika kwamba kichwa kinauma, usimwambie avumilie. Bondia aliyezoea ngumi hataji kichwa bila sababu, na hapo pambano limekwisha. Ishara nyingine ni ya taratibu na huwapita wengi: alikuwa anakwepa ngumi fulani raundi nne za mwanzo, sasa inampata kila inapotupwa. Ubongo wake umepunguza mwendo.

Wala usisubiri aanguke au awe nyuma kwa pointi. Juni 2022, mjini Durban, bondia Simiso Buthelezi alikuwa anashambulia raundi ya 10, kisha akageuka na kuanza kurusha ngumi kwenye kona tupu. Refa alisimamisha pale pale. Buthelezi alifariki siku chache baadaye kwa damu kwenye ubongo.

Mwaka 2019 kocha Buddy McGirt alimsihi bondia wake Maxim Dadashev akubali kuacha baada ya raundi ya 11. Bondia alikataa kwa kichwa, kocha akamaliza pambano bila ruhusa yake. Alifanya sawa, na bado Dadashev alifariki baada ya siku nne. Usijifariji kwamba taulo, linalorushwa na kona kusimamisha pambano, siku zote linawahi. Nakuomba pia usimwombe bondia wako ruhusa. Mwambie wiki moja kabla kwamba uamuzi ni wako, ili siku hiyo msiwe na mjadala. Na ulizia kwenye kikao cha kanuni namna ya kusimamisha, kwa kuwa mahali pengine taulo lililorushwa halitambuliwi. Inabidi upande ukingoni mwa ulingo refa akuone.

Kuhusu urefu wa mapambano, mabadiliko yamekuja kwa vifo. Novemba 1982 bondia Duk Koo Kim alisimamishwa raundi ya 14 na Ray Mancini huko Las Vegas, akafariki siku chache baadaye. WBC, shirika la ngumi la dunia, ikashusha mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mashirika mengine yakafuata miaka iliyofuata. Agosti 2025 mabondia wawili waliopigana usiku mmoja Tokyo, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa, walifariki wote wawili, na mapambano ya ubingwa wa OPBF, shirikisho la ngumi la Mashariki na Pasifiki, yanayofanyika Japani yakashushwa kutoka 12 hadi 10. Naunga mkono, lakini raundi 10 za mtu aliyekauka ni hatari kuliko 12 za mtu mwenye afya njema.

Usiku ule baada ya pambano asilale peke yake, hata kama ameshinda. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yanayoteleza, mkono au mguu kulegea, mboni moja kuwa kubwa, degedege: lolote kati ya haya ni hospitali yenye CT, mara moja, bila kusubiri asubuhi. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Pombe pia hapana. Inaficha dalili zile zile unazozitafuta.

Bado sijagusa madhara ya polepole. Tangu daktari Harrison Martland alipoyaeleza mwaka 1928, yamejulikana: miaka baada ya kuacha ngumi mtu anaanza kusahau, hasira inabadilika, mikono inatetemeka, ulimi unakuwa mzito. Kwenye ubongo hukutwa protini ya tau imejikusanya. Hayaletwi na nokauti moja. Ni jumla ya makonde, na sehemu kubwa ya jumla hiyo hupokelewa kambini, ambako hakuna refa wala daktari. Hapo ndipo mamlaka hazifiki na wewe unafika. Sparing ya nguvu iwe ya mara chache kwa wiki, na wiki ya mwisho isiwepo kabisa. Andika raundi zote kwenye daftari. Usimkodishe kijana wako awe wa kupigwa kwenye kambi za wenye majina.

Akipigwa nokauti, kufungiwa kwa siku 30, 60 au 90 kunahusu sparing pia, si mapambano tu. Ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena unaweza kuvimba ghafla kwa konde ambalo siku nyingine lisingemfanya chochote. Arudi kwa ngazi: kwanza siku bila dalili yoyote, halafu mbio nyepesi, kurusha ngumi hewani, begi, pedi, na sparing iwe ya mwisho kabisa, baada ya ruhusa ya daktari. Kichwa kikiuma kwenye ngazi yoyote, anashuka moja na kupumzika. Na daktari anayetoa ruhusa hiyo asiwe analipwa na promota wa pambano linalofuata.