Mjomba, nani anamaliza perege wako?

Utrecht, Uholanzi

Mjomba Athumani, shikamoo. Ama baada ya salamu, nimepata habari ya perege wanaotoweka hapo kidimbwini bila kubaki hata gamba. Usimlaumu paka wa jirani kwanza. Soma matope. Nyayo za vidole virefu, vitatu mbele na kimoja nyuma, ni za korongo, yule ndege wa miguu mirefu. Alama za kucha zenye mchoro wa mkia uliobururwa katikati ni za kenge. Ukikuta samaki mkubwa ana tundu ubavuni, huyo alidungwa na korongo akaponyoka. Vifaranga wa perege wakiisha na wakubwa wakabaki, mshuku mdiria, yule ndege mdogo mvuvi; koo lake halipitishi samaki mkubwa.

Korongo wa kijivu anayepanda kutoka mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi, ni jamii ileile inayosimama kwenye mifereji ya huku. Watu huku hununua korongo wa plastiki wa kumtishia, na baada ya siku chache wa kweli anasimama kando yake. Usipoteze pesa. Yeye hatumbukii majini, hutua pembeni kisha akatembea pole pole mpaka maji ya magoti. Kwa hiyo ukingo wa mteremko ndio mlango wake. Ujenge wima kwa mawe ya matumbawe, maji yawe na kina cha sentimita 60 palepale ukingoni, na uso wake uwe chini ya mdomo wa ukuta kwa sentimita 20. Kisha zungusha mshipi wa kuvulia, mistari miwili, mmoja sentimita 20 kutoka ardhini na mwingine 40, ukiacha sentimita 30 toka ukingoni. Usiache pengo pale unaposimama kulisha. Hapo ndipo atakapopita.

Wavu wa juu ni bora zaidi, ila wengi huufunga vibaya. Ukilegea ukagusa maji, korongo anasimama juu yake na kudunga kupitia matundu. Uwambe kwenye boriti za mikoko, nusu mita juu ya maji, matundu ya sentimita 5, uzi mnene. Ule mwembamba unaong'aa hunasa ndege na nyoka mpaka wakafa. Upepo wa kusi ukivuma, kaza kamba na uondoe majani.

Kwa mdiria, kukata matawi hakusaidii sana, maana yule mweusi na mweupe huelea hewani kisha akazama. Vifaranga waweke ndani ya sanduku la chandarua lenye kifuniko, mita 2 kwa 1, kina mita 1, mpaka wafike sentimita 10. Kila wiki lisugue kwa brashi. Ukungu wa kijani ukiziba matundu, maji hayapiti, vifaranga wanakosa hewa, na ndege anasingiziwa.

Kenge hupanda waya wa kuku kama ngazi. Tumia mabati bapa, sentimita 80 juu na 30 chini ya ardhi kwa sababu anachimba. Bomba la kumwagia maji ulizibe kwa wavu wa chuma. Sumu usiweke kabisa, Mjomba: itaua paka na furukombe, yule tai mla samaki, pia, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitazami. Saa kumi na moja alfajiri, nenda na tochi. Perege wakiwa juu wanatweta midomo wazi, hewa imepungua majini, na ndiyo saa ya korongo. Anawaokota tu. Punguza chakula: kisichoisha kwa dakika 15 kimezidi, kinaoza na kula hewa. Maji mapya yaangushe kutoka juu yapige povu. Lisha saa tatu asubuhi, tena ukiwa umechuchumaa, kwa maana samaki aliyezoea kufuata kivuli kilichosimama atakifuata hata cha korongo.

Kesho usifagie ukingo kabla hujanipigia picha ya matope.

Nisalimie shangazi na watoto.

Mpwa wako