Picha ya ndege itaje jina lake na mahali alipopigwa picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie picha za ndege zinazochapishwa kwenye kalenda, vipeperushi vya utalii na chati za ukutani zinazouzwa hapa Mwanza. Wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo, lakini kwa sisi tunaofundisha watoto kuchora na kuchunguza viumbe, lina uzito mkubwa.

Mwaka huu imeuzwa mjini kalenda yenye picha nzuri sana ya ndege mdogo aliyekunjua mkia wake kama upepeo, na chini yake pameandikwa "Ndege wa Ziwa Victoria". Ndege huyo hayupo Ziwa Victoria, wala hapatikani popote barani Afrika. Ni ndege wa New Zealand, ambaye Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, humwita pīwakawaka na wataalamu humwita Rhipidura fuliginosa. Jamaa zake wanaishi Australia, visiwa vya Pasifiki na kusini mwa Asia. Naamini mchapishaji aliichukua picha hiyo kwenye intaneti kwa sababu ilimpendeza, na kwa kweli inapendeza.

Ndege huyo ana uzito wa gramu nane hivi, na karibu nusu ya urefu wake ni mkia. Huukunjua na kuukunja anapogeuka ghafla hewani kufukuza wadudu, na hupenda kumfuata mtu anayetembea msituni kwa sababu hatua za mtu huyo huwatimua wadudu majanini. Kwa hiyo humsogelea mpiga picha karibu sana, ingawa hatulii tawini, na anayetaka kumnasa mkia ukiwa wazi hulazimika kutumia kamera inayofungua jicho lake kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde au pungufu ya hapo.

Wachoraji wa zamani walikuwa na kazi ngumu zaidi. Mholanzi John Gerrard Keulemans, aliyefanya kazi zake nyingi Uingereza, ndiye aliyechora ndege wa New Zealand kwa ajili ya kitabu cha Walter Buller kilichotoka mwaka 1873, na tena kwa toleo la pili la mwaka 1888. Michoro ya toleo la kwanza ilichapwa kwa bamba la jiwe, kisha ikapakwa rangi kwa mkono. Keulemans hakuwa na ndege hai mbele yake. Alikuwa na ngozi zilizokaushwa, ambazo mkia wake hukauka ukiwa umefungwa na macho yake huwa yameondolewa, na kutokana na vitu hivyo ilimpasa kumrudishia ndege mkao wake wa uhai. Hata hivyo, kila mchoro ulikuwa na jina la ndege, na maelezo ya kitabu yalisema ndege huyo anaishi wapi.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo wenyewe hawakuitarajia. Wakati ule ndege hao wenye mkia wa upepeo walihesabiwa kuwa aina mbili, yaani weusi watupu wanaopatikana hasa katika Kisiwa cha Kusini, na wale wenye mabaka meupe mkiani. Baadaye ilithibitika kuwa ni aina moja yenye rangi mbili, kwa kuwa weusi na wenye mabaka hupandana, na kiota kimoja huweza kutoa vifaranga wa rangi zote mbili. Kwa kuwa majina na mahali vilikuwa vimeandikwa, kosa hilo liliweza kufuatiliwa na kurekebishwa. Picha ya kalenda yetu, isiyo na jina la ndege wala la mpiga picha, haimpi mtu pa kuanzia.

Nasisitiza hili kwa sababu hapa kwetu tunaye ndege mwenye fumbo lilelile. Kwenye miembe na vichaka vya kandokando ya ziwa yupo ndege mdogo mla wadudu mwenye kichwa cha bluu nyeusi, duara la ngozi ya bluu kuzunguka jicho na mgongo mwekundu wa kahawia, ambaye dume lake huota mkia mrefu kupita kiwiliwili chake. Wataalamu humwita Terpsiphone viridis. Baadhi ya madume ya aina hiyohiyo huwa na mgongo na mkia mweupe kabisa, na kila mwaka wanafunzi wangu hubishana kwamba hao ni ndege wawili tofauti. Kiota chake ni kikombe kidogo cha nyuzi za mimea kilichofungwa kwa utando wa buibui kwenye panda ya tawi. Dume naye huatamia kwa zamu, na anapoketi humo manyoya marefu ya mkia huning'inia nje ya kikombe. Sijapata kuona kalenda ya Mwanza yenye picha hiyo.

Na kama anayetafutwa ni ndege mwenye mkia wa upepeo, yupo kweche wa maeneo oevu ya ukanda wa Ziwa Victoria, Euplectes axillaris, ambaye dume lake wakati wa kuzaliana huwa jeusi lenye mabega mekundu, huku likiruka chinichini juu ya majani na kukunjua mkia wake ili kuyavuta majike.

Upigaji picha za wanyamapori si mgeni nchini. Mjerumani Carl Georg Schillings alizipiga usiku kwa mwanga wa baruti ya magnesi katika nyika za karibu na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1900. Leo vijana wenye kamera, na hata wenye simu nzuri, wapo Kirumba, Nyegezi na Luchelele, na Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kinafikika kwa boti kwa muda mfupi tu kutoka mjini. Wachapishaji wawatafute, wawalipe na waandike majina yao.

Nawaomba vijana hao nao wasikate matawi yanayoficha kiota ili wapate picha safi, kwani kiota kilichoachwa wazi huonwa na kunguru na huunguzwa na jua. Jina la eneo, kama Saanane au Luchelele, linatosha. Mti wenyewe usitajwe.

Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba kila picha ya ndege itakayotoka gazetini iambatane na jina la ndege, mahali na mwezi ilipopigwa, pamoja na jina la aliyeipiga au kuichora. Ukiridhia kutenga nafasi ndogo hata mara moja kwa mwezi kwa picha na michoro ya ndege wa ziwa, shule yetu iko tayari kuleta michoro ya kwanza, ikiwa imekwisha kuhakikiwa majina.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sanaa na baiolojia,
Nyegezi, Mwanza.